Yundraveth wa Kwanza

Wafalme watatu walikuwa wameshauawa tangu asubuhi, na Verlyn Haugen bado hakujua hata mmoja wao alikuwa mwana wa nani. Alirudi kwenye ramani ya mwanzo wa kitabu. Akarudi kwenye orodha ya koo, iliyojaza kurasa nne. Kisha akaenda jikoni kuongeza kahawa, maana huko angalau alijua kila kitu kilipo.

Ule mfululizo wa riwaya aliupenda tangu ujana, kiasi cha kwenda nao fungate. Sasa mwandishi wake alikuwa amerudi nyuma miaka elfu kusimulia chanzo cha mambo yote, na inaelekea aliapa kutoacha hata kijito bila jina. Kitabu kilikaa mezani tangu vuli. Verlyn alipata ujasiri wa kukifungua Januari.

Hakuwa na hiari. Miaka kumi na sita nyuma, mkewe akiwa bado amelewa dawa za uchungu wa kujifungua, Verlyn alimwandikisha binti yao jina la malkia wa riwaya zile: Yundraveth. Sasa binti alitaka kuitwa Ann.

"Ann tu?" Verlyn aliuliza siku alipoletewa karatasi za mahakama za kubadili jina azitie sahihi.

"Ann tu, mzee. Mwalimu akiita majina, akifika kwangu anakohoa."

Wakapatana. Kitabu kipya kilisemekana kumtaja Yundraveth wa kwanza, ambaye malkia alirithi jina lake. Akiwa wa kujivunia, jina linabaki. Akiwa wa hovyo, Verlyn anatia sahihi.

"Na usinidanganye," alisema Yundi, kama walivyomwita nyumbani. "Maana mimi hilo dude siligusi."

Verlyn alisoma akila, akasoma akisinzia. Kurasa zilijaa alama za vidole za rangi ya chungwa, za krispi za jibini, akajionea haya: mtu mzima na kitambi chake, bado anachafua vitabu. Hata kuzila hakukumbuka, na hilo lilimtisha zaidi.

Kila akirudi kutoka mazoezini Yundi aliuliza, "Umefika darajani?"

"Daraja lipi? Humu yamejaa!"

"Nitajuaje? Vitabu vyako vyote si vina daraja?"

Ijumaa akafika. Jeshi la adui lilitaka kuvuka, na Yundraveth wa kwanza alisimama katikati ya daraja jembamba. Akavutwa, akapigwa, akachomwa mikuki. Hakusogea, na hakupita mtu. Verlyn alisimama kwa furaha, akafunua ukurasa, akaketi tena. Mama yake Yundraveth alikuwa farasi. Baba yake, punda. Alikuwa nyumbu wa kubebea vitunguu.

Angeweza kudanganya, Yundi si msomaji. Lakini ahadi ni ahadi, na isitoshe uongo ulikuwa haumkai usoni. Akatia sahihi huku akijicheka bila raha. Kati ya akina baba wote wa mji wa Duluth, ni yeye aliyempa mwanawe jina la nyumbu, tena akaliandika kwenye keki.

Jumamosi alimkuta Yundi kwenye korido ya uwanja wa barafu, akifunga pedi za miguu. Alikuwa golikipa wa timu ya hoki ya shule. Helmeti yake mpya, iliyokaa kwa mchoraji zaidi ya mwezi, ilikuwa bado ndani ya mfuko. Kila golikipa huchorewa yake: mmoja mbwa mwitu, mwingine fuvu.

"Umeshinda, mama," Verlyn alisema, akimpa karatasi. "Ni nyumbu. Nisamehe."

Yundi aliikunja karatasi kwa vidole vyenye rangi ya chungwa na kuitia ndani ya glavu. "Umemaliza kitabu?"

"Nimeishia kwenye masikio ya huyo nyumbu."

"Basi kakae, mzee. Mechi inaanza."

Alipanda hadi safu ya juu, akajifunika blanketi kama wazazi wengine, akasubiri kulisikia jina lile kwa mara ya mwisho. Mtangazaji akaita wachezaji. Alipofika kwa golikipa alilitamka lote, taratibu, bila kukohoa, kama mtu aliyefundishwa.

Yundi akateleza hadi golini, akageuka. Juu ya helmeti yalisimama masikio mawili marefu ya kijivu, na chini yake, kwa herufi za dhahabu: YUNDRAVETH.