Chafya ya Siku ya Sita

Mtoto alizaliwa kwa miezi saba, naye Bi Mwanashamba, mkunga, akakataza asipewe jina. “Mwite kiumbe, mwanangu,” alimwambia Salha, mama wa mtoto, “mpaka tujue kama ni mtu wa kukaa.”

Siku tano Salha alimdondoshea maziwa kwa pamba, huku akilinong’ona jina alilolificha.

Asubuhi ya sita kiumbe kile kikakunja uso, kikapiga chafya nyepesi.

“Afya, bwana mdogo!” akajibu mkunga, kwa mazoea ya miaka hamsini.



“Bi,” akasema Salha polepole, “kiumbe hakiombewi afya. Umemjibu mtu.”

Mkunga akajitanda kanga vizuri, akavua viatu, akasimama wima mbele ya kikapu alimolazwa mtoto, kama mwenye nyumba aliyesikia hodi ya mgeni aliyekuja kukaa.