Shimo la Mkate

Yusta alifunua sufuria mapema mno, kwa wasiwasi tu, na mkate wa kumimina ukabonyea katikati mbele ya macho yake. Akarudisha kifuniko na makaa yake juu, lakini wapi! Watu walikuwa wameshatoka kanisani, na mgeni wa Krismasi hii ni mama mkwe wake, Bi Pelagia. Tangu harusi, mwaka wa tatu sasa, bibi huyo hajaonja kitu cha mkono wake. Humwita "mke wa Bonifasi" na kusema ameshiba.

Mkate ukafika mezani na shimo lake, ukinukia nazi na hiliki. Bi Pelagia akauinamia.

"Nisamehe, mama," Yusta akasema. "Nilifunua kabla haujaiva."

"Marehemu mama yangu naye alikuwa hana subira. Krismasi zote mkate wake ulikuwa na shimo, na hapo katikati, palipobaki teketeke, ndipo tulipokuwa tunapigania."

Akaivuta sahani nzima upande wake.

"Nipe kijiko, mwanangu. Hicho kisu wape wengine."

Yusta akashusha pumzi. Kijiko kilikuwa kimeshazama.