Kitambi cha Farasi

Farasi alijamba, akasimama katikati ya mto mkavu, akakataa kwenda. Maximiliana hakumpiga. Alimwekea kiganja ubavuni, akasikiliza pumzi ikipanda na kushuka kama ya mzee aliyekimbizwa na nyuki.

"Mwadila, mayu," jirani yake Kwandu alimsalimu kwa Kisukuma kutoka ukingoni, ndoo kichwani. "Huyo ana mimba?"

"Ana kitambi tu. Kama mwenyewe."

Kwandu alicheka mpaka maji yakamwagika. Maximiliana hakucheka.

Mwenyewe alikuwa Boniventura, mume wa Maximiliana, mnunuzi wa pamba pale Nkoma. Farasi alimpata kwa mzungu mmoja aliyefunga kambi yake ya watalii upande wa Lamadi. Mnyama alikuwa ameshinda amefungwa msimu mzima, akila pumba bila kazi. Boniventura alimtaka kwa jambo moja. Pamba ikishauzwa, angeoa mke wa pili, Joyness wa Maswa, msichana ambaye hakuna aliyemuuliza anataka nini. Kuleta bibi harusi kwa pikipiki, kila mtu analeta. Yeye angepanda farasi pale barabara kuu, atangulie mbele ya msafara mpaka nyumbani, gari la bibi harusi likimfuata nyuma.

"Mama Salu," alimwambia mkewe, "wewe umekulia kwenye punda wa baba yako. Nitengenezee huyu mnyama. Na siku Joyness akiingia hapa, wewe unahamia kwa kaka yako Bariadi. Nimeshaongea naye."

"Na watoto?"

Watoto walikuwa wawili, Salu na mdogo wake Rachel. Wote wawili walikuwa nyuma ya nyumba, chini ya matuta mawili ya udongo yaliyozungushiwa mawe.

"Pale fundi atachimba msingi wa nyumba ya Joyness," Boniventura alisema. "Wale hawatalalamika."

Maximiliana aliokota kamba ya farasi.

"Sawa, Baba Salu. Nitamtengeneza."

Majirani walisema mwanamke yule amelishwa dawa.

Alianza taratibu. Pumba akazipunguza, akaongeza majani. Asubuhi alimwongoza farasi kwa kamba kwenye mchanga wa mto, akihema sana wanasimama, akitulia wanaendelea. Tumbo lilipoanza kupungua, alijifunga kanga kiunoni akakimbia naye pembeni mwa mashamba ya pamba, yeye akitoka jasho kuliko mnyama. Kisha akaanza kumtwika magunia ya mchanga juu ya tandiko, moja juu ya jingine, ili azoee uzito wa bwana harusi.

"Hilo la juu ndiyo kichwa?" Kwandu aliuliza.

"Ndiyo. Halina tofauti."

Jioni, wakishafika mwanzo wa uwanja wa nyumba, Maximiliana alimfungua kamba na kupiga kigelegele. Farasi alitimka peke yake na magunia yake mgongoni, akakata uwanja, akaingia zizini, ambako beseni la pumba lilikuwa likimsubiri. Siku nyingine hakumpa pumba, siku nyingine hakumfungua kamba. Lakini hakuna siku aliyopiga kigelegele beseni likawa tupu.

"Mayu, unampigia mnyama vigelegele?"

"Anapenda kusifiwa. Si dume?"

Lango la zizi alilijenga Boniventura mwenyewe kwa ajili ya kuzuia fisi. Nguzo nene huku na huku, na juu boriti nzito iliyomfika farasi usawa wa masikio. Farasi alijifunza kuinamisha shingo na kupita chini yake bila kupunguza mwendo. Jioni moja gunia la juu lilibaki langoni, limepasuka. Maximiliana alizoa mchanga kwa ungo, akashona gunia, kesho yake akalipanga tena.

Boniventura alipompanda kwa mara ya kwanza kwenda gulioni, farasi alitembea kwa adabu kama mwanakwaya. Wanunuzi wenzake waliacha mizani wakaja kumshika mkono. Aliporudi alishuka barabarani, akamtupia mkewe kamba.

"Umefanya kazi, Mama Salu."

"Bado kidogo," Maximiliana alisema. "Pumzi haijakaa sawa."

Siku ya harusi uwanja ulijaa watu. Nyuma ya nyumba fundi alikuwa ameshapanga matofali yake, mengine ameyaegemeza kwenye mawe ya Salu. Furushi la Maximiliana lilikuwa mlangoni, limefungwa, kila mgeni akaliona na kutazama pembeni.

Pale kwao mke mdogo hapokelewi kwa kigelegele mpaka mke mkubwa aanze. Kwa hiyo wanawake wote walisimama wakimtazama Maximiliana, midomo wazi.

Boniventura alitokea kwenye kona, suti nyeupe, kofia pana, amekaa wima kabisa ili watu wamwone vizuri. Farasi alikuwa aking'aa, kifua kipana, tumbo limekatika kama la askari. Wanaume walipiga miluzi.

"Jikaze, mayu," Kwandu alinong'ona, machozi yakimlenga. "Piga yaishe. Watasema una wivu."

"Ngoja afike pale," Maximiliana alisema, akionyesha kwa kidevu mwanzo wa uwanja.

Farasi akafika pale.

Maximiliana aliweka kiganja mdomoni, akaachia kigelegele kirefu, na wanawake wote wa Nkoma wakakidaka.

Ndani ya zizi, ng'ambo ya boriti, beseni la pumba lilikuwa limejaa tangu asubuhi.