Chaguo la Kwanza

Kinyozi Mwinjuma alishika mkia msimu mzima, kwa hiyo chaguo la kwanza lilikuwa lake. Ndiyo sheria ya ligi yao ya kubuni: wanaume sita, kila mmoja na timu ya karatasi, pointi zikitoka kwa wachezaji halisi wa kikapu wa mji. Ukishachagua mchezaji mpya, mkataba ni misimu mitatu. Humwachi hata akiumia.

"Andika basi," alisema Chande, mmoja wa wale sita. "Nani hajui utamchukua Salha?"

Salha alikuwa binti wa Mwinjuma. Kesho angesaini na timu ya mji, na kocha wa timu hiyo, Lugendo, alikuwa kwenye kiti cha kunyolea, povu kidevuni, akimtazama Mwinjuma kupitia kioo.

Asubuhi ile Mwinjuma alimkanda Salha goti kwa maji ya chumvi. Lilikuwa limevimba vibaya.

"Baba, usimwambie mtu," alisema.

Akimruka, Lugendo atajua kuna jambo. Akimwandika, atakuwa amemdanganya mtu aliyekuwa mteja wake kwa miaka kumi.

"Unawaza nini, fundi?" Lugendo aliuliza. "Mwanao huyo."

Mwinjuma aliandika jina zima ubaoni, kwa herufi kubwa. Wenzake wakapiga makofi. Lugendo akageuza kiti, akatabasamu.

Ndipo Salha akatokea nje na chupa ya chai. Mlango wa kinyozi ulikuwa na ngazi moja tu. Alisimama chini yake, akaona wote wanamtazama, akainua mguu.