Kopo la Udongo Mwekundu

Udongo ulikuwa umepungua tena.

Mtafiti aliliweka kopo kwenye mizani, akalitoa, akaliweka tena. Kilima alikouchota kilishajengwa maghorofa. Wa kurudia haupo. Na bila udongo huo, hesabu zake za kukadiria ardhi inanasa kiasi gani cha fosfeti, ile iliyomo kwenye mbolea, zingeishia njiani, na Jumatatu zilitakiwa kazini. Kisa chote ni tanuri la maabara kuharibika, akawa anaukaushia nyumbani, dirishani mwa jikoni.

Wifi yake alikuwa pale anamenya viazi, tumbo limemtangulia.

"Wifi, niambie ukweli. Umeula?"

"Nina mimba mimi, sina wazimu! Udongo wa kutafuna nanunua sokoni, mkavu, safi. Huo wako una nini cha kunitamanisha?"

"Usijifanye hujui, niliwaonyesha wote hapa mezani. Ukiutia kwenye maji yenye fosfeti unainyonya, haibaki hata ya dawa. Hakuna udongo mwingine unaoweza hivyo!"

"Basi uoe huo udongo wako."

"Mwache mwenzio," mama mtu alisema taratibu. Alikuwa amekaa pembeni, miguu iliyovimba ameinyoosha juu ya kigoda. Tangu atoke hospitali maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. "Mimba ina mambo yake."

Wifi aliacha kisu kikaanguka. "Hata wewe, mama?"

Akaingia chumbani. Wakamsikia anavuta sanduku kutoka uvunguni, analia huku anakunja nguo, anaapa mtoto wake hatazaliwa kwenye nyumba ya kuitana wezi. Mtafiti hakumfuata. Alibaki anafuta mizani kwa kona ya kanga.

Mlango wa mbele ulipolia, mama alishika ukuta akasimama kwa shida.

"Kimbia ukamrudishe mwenzio. Ni mimi."

"Wewe? Udongo, mama?"

"Nakoroga kwenye maji, nakunywa. Daktari amesema figo zimechoka, damu yangu imejaa hiyo hiyo fosfeti." Alilitazama kopo. "Wewe ndiye mwenye hesabu zake, mwanangu. Uliobaki utanitosha?"