Solo ya Nyuma ya Spika

Tangu apigwe na kiharusi, vidole vya mpiga gitaa la solo vilikuwa kama vya kuazima.

"Baba, wewe chezesha mkono tu," binti yake alimwambia kabla ya onyesho. "Mengine niachie." Akajibana na gitaa lake nyuma ya spika kubwa. La baba halikuchomekwa popote.

Sasa uwanja mzima ulikuwa unatimua vumbi.

"Mzee bado yumo," mwimbaji alitamba kwenye maiki. "Mpigieni makofi."

Wakampigia. Mzee akamchungulia binti: macho kayafumba, jasho linamchuruzika hadi kidevuni, anaipiga solo vizuri kuliko alivyowahi kuipiga yeye.

Akasogea mbele ya jukwaa, akaliacha gitaa lining'inie, akainua mikono. Wa kushoto ukafika juu, wa kulia ukaishia begani.

Solo ikaendelea kulia.