Manyoya ya Majivu

Binti aliuchomoa mdomoni taratibu, umelowa mchuzi, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, nimekula unywele."

"Si unywele, ni unyoya," mama yake alimsahihisha. "Watu ndio wana nywele. Paka ana manyoya."

Ulikuwa mfupi, wa kijivu, umejikunja. Mama akaisukuma sahani yake kando. Alikuwa msusi, na kutwa nzima saluni alishinda akizoa nywele za watu: sakafuni, kwenye vitana, kwenye mikunjo ya nguo, hata ndani ya kikombe chake cha chai. Nyumbani alitaka jambo moja tu, ale bila kutema.

"Si ulisema hawanyonyoki?" akamgeukia mumewe.

Mumewe, fundi wa majokofu, alijikuna shingo. Yeye ndiye aliyemleta huyo paka, tena kwa sifa kama mshenga anayepeleka posa: aina ya Kiingereza, manyoya mafupi, rangi ya majivu, mashavu manene. Mpole. Haparui, hapandi mapazia, na mtoto akimbeba kama furushi ananyamaza. Paka wa familia hasa. Wakamwita Majivu.

"Kunyonyoka kidogo hakukosekani, mke wangu."

"Basi anyonyokee nje."

Na yangekuwa manyoya tu angevumilia. Kulikuwa na matapishi. Asubuhi ile aliyakanyaga bafuni kwa mguu mtupu: ute wa manjano, wa vuguvugu, ukapenya katikati ya vidole. Alibaki amesimama kwa mguu mmoja, kashikilia sinki, akijikaza na yeye asitapike juu yake. Siku nyingine aliyakuta nyuma ya choo, imebaki michirizi tu, kana kwamba mnyama ameyalamba kisha akakinai. Harufu yake ya uchachu ilikuwa imeingia kwenye zulia la ukumbini, na hakuna sabuni iliyoiweza.

Majivu mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa amejikunyata mapajani mwa mama mkwe, mahali pake pa siku zote. Mama mkwe ndiye aliyewapikia, na ndiye pekee ambaye paka alimfuata kila chumba, hata bafuni.

"Mama, hebu mshushe huyo, tuko mezani," msusi alisema kwa heshima iliyopita katikati ya meno. "Na hicho kilemba chako sijui mara ya mwisho kimefunguliwa lini. Kesho njoo saluni nikuoshe kichwa, nikusuke upendeze."

"Kichwa changu kiache, mwanangu. Kesho naenda kumwona dada yangu."

"Tena? Na ukitoka huko hata kula huwa huli."

"Safari inanichosha." Mama mkwe alimpapasa paka mgongoni. "Na huyu naye mwache. Hana kosa."

Msusi akacheka kicheko kikavu.

"Hana kosa! Mama, nasema mbele yenu wote: kiumbe kinachotapika ovyo na kunyonyokea vyakula vya watu hakikai nyumba moja na mtoto. Nimevumilia mpaka basi. Kila nikipitisha mkono kwenye kochi nasikia kinyaa. Harufu yake tu inanifunga koo. Atatoka."

Mama mkwe alimshusha paka polepole, akachukua sahani yake ambayo hakuigusa, akaelekea jikoni.

Kesho yake msusi alimtia Majivu kwenye kikapu, akampelekea mteja wake mmoja, muuza vitabu aliyekuwa akisumbuliwa na panya dukani. Binti alilia mpaka akapata kwikwi. Msusi hakurudi nyuma. Aliporudi alivaa glovu, akaikabili nyumba kama mtu anayefuta dhambi: akachemsha vitambaa vya makochi, akamwaga dawa bafuni, akasugua zulia mpaka rangi ikapauka. Jioni nyumba ilinukia limau. Mama mkwe alirejea kutoka kwa dada yake, akasalimia kwa sauti ya chini, akapitiliza chumbani. Msusi hakumfuata. Alijua amenuniwa kwa ajili ya paka, na aliona ataridhia tu. Akakaa kula, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu chakula kikapita bila kukwama.

Siku iliyofuata, saa za mchana, alikwenda bafuni kuchukua ndoo.

Yalikuwa pale. Mabichi, yamesambaa mpaka mlangoni.

Watu husema paka ukimtupa hata ng'ambo ya mto anarudi, naye huyu alikuwa amerudi, tena kwa msaada wa mtu. Akanyanyua ufagio, akayafuata matone ukumbini, moja baada ya jingine, mpaka kwenye mlango wa mama mkwe. Akatega sikio. Ndani kulikuwa na mlio anaoujua, ule wa tumbo linalojikamua. Kumbe ndivyo! Amemrudisha kwa siri, amemficha chumbani, na kesho tutayala tena manyoya yake.

Akausukuma mlango kwa bega, ufagio uko juu.

Hakukuwa na paka. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameikumbatia ndoo, kilemba kimetupwa kitandani. Kichwani alibakiwa na vishungi vichache vya mvi, kwingine kote upara, na nyuma ya kiganja palikuwa na plasta ya hospitali, pale panapochomwa dripu.

"Nitapafuta mwenyewe, mwanangu," alisema, akijipangusa mdomo. "Nivumilie kidogo. Bado natafuta pa kuhamia."